Ndoo Mbili za Shangazi Gaudensia

Ukitaka kuniharibia siku, nifungulie gunia la maharage yaliyobunguliwa. Kwanza inapanda ile harufu ya vumbi kavu lenye uchachu, kisha unawaona wenyewe, wadudu wadogo wa rangi ya kahawia, wanakimbilia kingo za ungo kujificha. Wiki iliyopita nilinunua maharage hapa Izia, Sumbawanga mjini, kwa mama ninayemwamini, nikafika nyumbani, nikayamwaga kwenye ungo, nikakuta nusu yake ni matundu matupu. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Mume wangu akachungulia jikoni akauliza, "Unalia kwa ajili ya maharage?" Nikamjibu ndiyo, kwa ajili ya maharage, aniache. Sebuleni redio ilikuwa inasoma majina ya wagunduzi waliopata tuzo kubwa ya dunia mwaka huu, huyu kwa mambo ya chembe, yule kwa mambo ya dawa, na kila jina lilikuwa linanichoma.

Nitaeleza kwa nini, maana jambo hili nimelimeza muda mrefu mno na limenikaba.

Nililelewa na shangazi yangu, Gaudensia, dada yake baba, katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Laela. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alikuwa fundi rangi kule Namanyere, na kila aliporudi alituletea ndoo tupu za rangi, zile za plastiki zenye mfuniko unaobana. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na tabia moja iliyowachosha majirani. Akiona jambo asilolielewa, haliachi. Aliweza kuchuchumaa shambani mbele ya intumba, yale matuta yetu ya mviringo tunayofukia majani yaoze, akafukua moja kutazama majani yamefikia wapi, akalifunika, akaenda la pili. Watu wakipita wanamwuliza amepoteza nini.

Nilipokuwa mtoto wa kutambaa alinitengenezea kichezeo: kopo la maziwa, ndani maharage, mfuniko kaugongomea. Nililitikisa kutwa nzima, anasema, mpaka jirani akaja kuomba ninyang'anywe. Miezi ikapita. Siku moja kopo likapasuka, maharage yakamwagika, akayaokota akitegemea kuona unga. Yalikuwa mazima, punje kwa punje. Na gunia alikoyachota lilikuwa limeshaliwa lote. Mtu mwingine angeyatia chunguni akashukuru Mungu. Yeye alikaa nayo kiganjani, akajiuliza kopo la mtoto lina nini ambacho gunia halina.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachowafundisha wanafunzi wangu leo, ila wao wanadhani kimetoka kitabuni. Alichukua ndoo mbili za rangi, akazisugua kwa mchanga, akatia kila moja maharage ya gunia lilelile, nusu ndoo. Moja akaiacha imesimama pembeni. Ya pili akailaza, na kila asubuhi na jioni akawa anaiviringisha sakafuni, toka mlangoni hadi ukutani na kurudi. Baada ya miezi kadhaa ile iliyosimama ilikuwa vumbi, na ile iliyoviringishwa ilikuwa mbegu safi ya kupanda. Mwaka wa pili akarudia, safari hii akabadilisha ndoo, iliyokuwa inasimama ikawa ndiyo inayoviringishwa, asije akadanganywa na ndoo. Mwaka wa tatu akarudia tena. Nani alimfundisha kubadilisha ndoo? Hakuna. Darasa la nne ndiko alikoishia.

Nilipopata nguvu ya kusukuma, kazi ya kuviringisha ikawa yangu. Asubuhi za Juni, Ufipa yote imeshikwa na baridi, sakafu ya udongo inachoma magoti, nami nimeinama nyuma ya ndoo nikiisukuma kwa viganja vyote viwili. Maharage yanapanda upande mmoja polepole, yanasita, kisha yanaporomoka yote kwa mkupuo. Nilichukia kazi ile. Nilikuwa naruka zamu ya jioni nikidhani hajui, na alikuwa anajua kila mara.

Siku moja aliniita mlangoni kwenye mwanga, ana punje tatu mkononi. "Njoo uone, Prisi. Hapa. Na hapa. Unaona alivyokwaruza?" Kweli, kwenye ganda kulikuwa na vidoa, vitundu vilivyoanzwa vikaachwa.

"Nani kakwaruza?"

"Funza wake. Akianguliwa ni mdogo kuliko chembe ya chumvi. Hawezi kutoboa harage mpaka ajibane katikati ya punje mbili, apate pa kuegemeza mgongo. Sasa wewe ukiviringisha, punje zinahama, anapoteza pake. Anaanza upya. Jioni unaviringisha tena. Anakufa na njaa yuko juu ya chakula." Akanitazama. "Ndiyo maana ukiruka jioni, unampa huyu usiku mzima wa kufanya kazi."

Kijijini walimcheka. Walisema Gaudensia anabembeleza maharage kama mtoto mchanga. Wengine, na huku kwetu hilo halikosekani, walisema ndani ya ndoo kuna kitu kingine kisichosemwa. Aliwaeleza, akawafungulia ndoo, akawaonyesha punje, wakaguna wakaenda zao kununua dawa ya unga. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Nakumbuka alivyosema jioni moja akichambua ulezi: "Siku moja mtu mwenye elimu atalisema hili mbele yao na jina langu, halafu tutaona." Hakutaka kitu kingine. Jina lake, litamkwe mbele ya watu.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi na ujinga wangu.

Shuleni kwetu mwalimu wa sayansi alikuwa ametengeneza bango. Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka mabango yale: kiroba cha sukari kilichopasuliwa, kikanyooshwa, kikatundikwa ukutani kwa misumari. Juu yake alikuwa amebandika picha za wagunduzi alizokata kwenye kitabu chakavu, na chini ya kila picha jina, alichogundua, tuzo aliyopata, na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Alitusimulia habari zao kwa mapenzi makubwa. Yule aliyesafiri akaacha vyombo vyake vichafu, akarudi akakuta ukungu umeua vijidudu. Yule mama aliyepata tuzo mara mbili, akaja kuuawa na kitu kilekile alichokigundua.

Nami wakati uleule nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alitufundisha kuwa mtu hatangazwi mtakatifu akiwa hai, hata awe mwema vipi. Lazima afe kwanza, kisha wakubwa wa Kanisa watume watu kuchunguza na kuuliza maswali. Nyumbani kwetu kulikuwa na kalenda ya parokia yenye watakatifu, na shuleni kulikuwa na bango. Sura zote za watu waliokwisha kufa, wengi wana ndevu, kila mmoja na jambo lake. Mimi nikaona ni mpango mmoja. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo na hakuna mtu aliyenikataza. Kichwani mwangu ikakaa wazi kabisa kwamba tuzo ya ugunduzi hupewa marehemu.

Nikiwa darasa la saba yakatangazwa mashindano ya sayansi ya shule za msingi, Sumbawanga mjini. Washindi watatu wa kwanza wangepewa nafasi ya kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, yenye maabara. Mwalimu alikuja nyumbani, akaziona zile ndoo mbili, akakaa chini palepale sakafuni. Alimwuliza Shangazi maswali mpaka giza likaingia. Wakati wa kuondoka alisema, "Mama, hii si kazi ya mtoto. Hii ni kazi yako. Prisi ataibeba tu, na ataeleza ni ya nani." Wiki nzima iliyofuata Shangazi alikuwa anaimba.

Siku yenyewe alivaa kitenge chake cha Pasaka, akabeba ndoo moja, nami moja, tukapanda basi la asubuhi pamoja na mwalimu. Ukumbini wazazi waliwekwa kwenye mabenchi ya nyuma. Watoto tulipanga vitu vyetu kwenye meza mbele, na walimu waliambiwa wakae nje mpaka majaji wamalize. Basi nilikuwa peke yangu alipofika mbele yangu mzee mmoja mwenye miwani, ana karatasi kwenye ubao mdogo. Nilimweleza yote bila kukwama: kopo, ndoo, kubadilisha ndoo, funza, mgongo wake. Alichukua punje akaisogeza karibu na jicho. Niliona kabisa jambo limemvutia.

"Nani amegundua jambo hili?"

"Shangazi yangu. Gaudensia."

"Yuko wapi?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo wiki nzima. Hawa ndio wale watu wanaotumwa kuchunguza. Nikisema yupo, amekaa benchi la tatu, ana kitenge cha bluu, watamwambia asubiri mpaka afe. Na mimi nilitaka apewe siku ileile.

"Amefariki," nikasema.

"Pole sana. Lini?"

"Zamani. Nikiwa mchanga."

Akaandika. Nilimwangalia akiandika, na nilijisikia mtu mwenye akili nyingi. Hasira ninayoisikia leo nikikumbuka kile kiburi changu pale mezani, siwezi kuipima.

Mchana wakatangaza. Nilikuwa wa tatu. Mtangazaji, kabla hajaniita, akasema kuna mama mmoja wa mkoa wetu aliyetutangulia mbele ya haki akatuachia maarifa makubwa, akaomba ukumbi usimame dakika moja kumkumbuka. Watu wote wakasimama. Shangazi naye akasimama. Nilimwona toka mbele, ameinamisha kichwa, amefumba macho, na mwisho akafanya ishara ya msalaba taratibu kabisa, akimwombea huyo mama asiyemjua. Wakakaa. Mtangazaji akasoma cheti: "Kwa kuhifadhi maarifa ya jadi ya marehemu Gaudensia, shangazi yake." Watu wakapiga makofi. Shangazi akamgeukia aliyekaa naye, nikaona midomo yake ikiuliza, "Amesema nani?"

Alipoelewa alitaka kwenda mbele. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kuingia, alimshika mkono palepale benchini akamsihi. "Wamekosea tu, mama. Tusiharibu sherehe ya watoto. Tutarekebisha." Shangazi alikaa, ameshika mfuniko wa ndoo mapajani.

"Mwalimu," alisema, "mimi wananiua nikiwa nimekaa kwenye benchi lao."

Njiani kurudi nilimvuta mwalimu koti nikamwuliza polepole kama wale wa kwenye bango walipewa tuzo zao wakiwa hai. Akacheka. "Sasa marehemu angeipokeaje?" Nilishika bomba la kiti cha mbele nikaligandia. Baadaye sana, chuoni, nilikuja kusoma kwamba ile tuzo kubwa kuliko zote, watu waliokwisha kufa hawapewi kabisa. Ukishakufa umekosa. Nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba, sikurudi siku ile. Maana kwa neno moja nilimtoa Shangazi kwenye kundi la wagunduzi nikamtupa kwenye maarifa ya jadi, ambako kila kitu ni cha wazee wote na hakuna mzee mwenye jina.

Kama ningesema siku ileile ndani ya basi, yangeisha. Sikusema. Nilimwogopa, kisha nikaona aibu, kisha kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Shangazi aliamini majaji ndio waliobuni kifo chake, nami nikamwacha aamini.

Akaanza kuhangaika. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya kuthibitisha kuwa yuko hai. Mtendaji alikuna kichwa. "Bi Gaudensia, barua za kifo ninazo mfano wake. Hii sijawahi kuandika." Akaiandika hata hivyo: mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji changu na yu hai. Shangazi akaipeleka Sumbawanga kwenye ofisi ya waliosimamia mashindano. Wakamwambia mhusika yuko likizo. Akarudi wiki ya pili, mhusika yuko semina. Safari ya tatu mhusika akapatikana, akaisoma barua, akasema haina muhuri wa kata. Kata wakasema wao hawathibitishi uhai wa mtu, wanathibitisha makazi. Wakabishana, wakagonga muhuri. Kila safari ni kuamka alfajiri, kuacha shamba na palizi imeiva, kurudi jioni na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Nami kila jioni nampelekea maji ya kunawa, nakaa kimya. Siku moja alinawa, akabaki ameshika kata ya maji mkononi, akaniuliza, "Prisi, hivi mimi nimemkosea nini yule mzee wa miwani hata akanifanyia hivi?" Nikamwambia sijui.

Kijijini nako walikuwa wamesikia. Walimwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" Alikuwa anawajibu vizuri, halafu akiingia ndani anafunga mlango.

Safari ya nne nilikwenda naye. Shule zilikuwa zimefungwa, barua yangu ya kwenda bweni ilikuwa imefika, sanduku la bati limeshanunuliwa. Ofisini tulimkuta karani mpya, kijana mpole, ametuamkia "Shikamoo mama" akiwa amesimama. Shangazi akamwambia amekuja kwa habari ya cheti cha mtoto huyu, kuna kosa kwenye habari za mgunduzi. Barua ya mtendaji ilikuwa ndani ya leso, ameishika bado hajaitoa. Karani akaenda kabatini, akapekua, akarudi na faili.

"Ngoja tuone walivyoandika," akasema, akaanza kusoma kwa sauti, bila hiana yoyote. "Swali: mgunduzi ni nani? Jibu la mtoto: shangazi yangu, Gaudensia. Swali: yuko wapi? Jibu la mtoto: amefariki. Swali: lini? Jibu la mtoto: zamani, nikiwa mchanga."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu, imepakwa dawa ya kung'arisha, na ilikuwa na ufa.

"Kwa hiyo kosa liko wapi, mama?" karani akauliza. "Maana jaji ameandika alichoambiwa. Kama mtoto alidanganya, hilo ni jambo jingine, na utaratibu uko wazi. Cheti kinafutwa, na nafasi ya bweni anapewa aliyemfuata."

Nikafungua mdomo. Nasema hivyo kila ninapojitetea, kwamba nilifungua mdomo. Shangazi alinishika juu ya kiwiko, akabana mpaka vidole vyake vikaacha alama, na mdomo nikaufunga. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa na ulimi, na nikaufunga. Nimesoma kwa nafasi ile. Nimekuwa mwalimu wa sayansi kwa nafasi ile. Kwenye maonyesho ya wakulima nimewahi kupewa kipeperushi kinachoeleza namna ya kuviringisha maharage, kimeandika ni mbinu ya jadi waliyoiacha wazee wa Ufipa, nikakikunja nikakitia mfukoni, sikusema kitu hata hapo.

Shangazi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali angenitazama kwa hasira. Kisha akaifunga ile leso upya, fundo juu ya fundo, barua ikiwa ndani, akaichomeka kiunoni.

"Hakuna kosa," akamwambia karani. "Nilidhani wameandika ukoo mwingine. Naona wako sawa. Mtoto hajadanganya."

"Wewe ni nani kwa huyu marehemu, mama?"

"Mdogo wake."

Karani akalifunga faili, akainuka, akampa mkono kwa heshima zote. "Pole sana, mama, kwa kuondokewa na dada."

"Ahsante, mwanangu," Shangazi akasema. "Tumeshapoa."